Kuna Mkono wa Mtu? Historia Fupi ya Sadfa, Kuanzia Tarime

Panda basi pale Sirari, mpakani, uelekee nalo Musoma. Kabla hamjaingia Tarime mjini, jirani yako wa kiti atakuwa ameshakuuliza unatokea wapi. Umjibu Gorong'a, atauliza mji wa nani. Na kabla hamjavuka Daraja la Kirumi mtakuwa mmeshagundua kitu: mama yake mdogo ameolewa kwenu, au alisoma na mjomba wako, au anaitwa Mwita Marwa kama wewe mwenyewe. Mtacheka, mtapeana namba za simu, na mmoja wenu lazima aseme: "Jamani, dunia hii ni ndogo!"

Sasa geuza upande wa pili. Mji mmoja uzike watu watatu ndani ya mwaka mmoja. Radi ipige ng'ombe wa boma fulani, na msimu unaofuata ipige boma lile lile. Hapo hakuna anayesema dunia ni ndogo. Sauti zinashuka, watu wanatazamana, kisha mmoja anasema: "Hii si bure. Kuna mkono wa mtu."

Hesabu iliyo nyuma ya matukio haya mawili ni ile ile. Ila tukio la kwanza linakupa ndugu mpya, na la pili limewahi kumpeleka bibi wa watu kaburini. Ndiyo maana historia ya namna binadamu walivyoielewa sadfa, yaani matukio mawili kugongana bila kupangwa, inatuhusu sana sisi watu wa Kanda ya Ziwa. Twende taratibu.

Mwita wangapi?

Tuanze na majina, kwa sababu hapo hakuna wa kugombana naye. Ukurya, upande wa Tanzania na upande wa Kenya, una majina machache yanayozunguka sana: Chacha, Mwita, Marwa, Matiko, Wambura kwa wanaume, Bhoke, Ghati, Robi kwa wanawake. Tufanye mfano rahisi: tuseme kuna majina 20 tu ya kiume, yote yanapendwa sawa, na kila mtu anatumia jina lake na la baba yake. Hiyo inatoa michanganyiko 400. Unadhani ni lazima basi liwe na wanaume wangapi ili uwezekano wa wawili kugongana majina yote mawili uvuke nusu? Wengi watasema 200. Jibu ni 24. Na hapo tumeyahesabu majina kana kwamba yanapendwa sawa. Kwa kuwa Chacha na Mwita wanapatikana kila kona, idadi halisi inayohitajika ni ndogo zaidi.

Ongeza mila. Mkurya huzaliwa ndani ya kizazi kinachofuata kile cha baba yake, na vizazi hivyo viko vinane tu: vinne vya mzunguko wa Abasai na vinne vya mzunguko wa Abachuma. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel alivieleza katika makala yake ya mwaka 1962. Kwa hiyo mgeni yeyote wa Kikurya utakayekutana naye ana mahali pake tayari katika ramani yako. Huenda kijana mwenzako akawa "baba" yako kimila, kwa sababu tu yuko kizazi cha baba yako. Jamii iliyopangwa hivi inatengeneza sadfa za kindugu kila siku, na imefanya hivyo tangu zamani za mababu.

Mfano wa kitaifa ni huu. Kati ya marais watano wa kwanza wa Tanzania, watatu majina yao ya ukoo yanaanza na M: Mwinyi, Mkapa, Magufuli. Wote watatu wamefariki ndani ya miaka minne, kati ya Julai 2020 na Februari 2024. Ukitaka kutengeneza hadithi ya kutisha, malighafi unayo. Lakini fungua orodha ya mahudhurio ya darasa lolote Tanzania uhesabu majina yanayoanza na M. Lugha zetu za Kibantu zimejaa kiambishi cha watu, m- au mw-, na majina yamekirithi. Herufi M kujirudia Ikulu hakuna ajabu kuliko inavyojirudia kwenye orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza.

Darasa la watu 60

Mwaka 1939 mwanahisabati Richard von Mises, aliyekuwa amewakimbia Wanazi wa Ujerumani na kwenda kufundisha Istanbul, alichapisha makala kuhusu watu kugongana siku za kuzaliwa. Kutokana na kazi kama hiyo tumepata fumbo ambalo walimu wa hisabati wanalipenda hadi leo: je, ni watu wangapi wanatosha ili uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja uvuke nusu? Jibu ni 23.

Mbona wachache hivyo? Kwa sababu unapofikiria swali hili, kichwa chako kinajiweka wewe katikati: "Nani kazaliwa siku yangu?" Ukiuliza hivyo unahitaji watu 253 ili uvuke nusu. Lakini swali halikusema siku yako. Lilisema wawili wowote. Watu 23 wanatengeneza jozi 253 (23 mara 22, gawa kwa 2), na kila jozi ni nafasi moja ya kugongana. Darasa la watu 60, ambalo kwetu ni la kawaida kabisa, lina jozi 1,770, na uwezekano wa kuwa na angalau jozi moja ya tarehe moja ni zaidi ya asilimia 99. Ukitaka kushinda soda, weka dau darasani.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 kulikuwa na timu 32, kila moja ina wachezaji 23. Hesabu inasema karibu nusu ya timu zitakuwa na wachezaji waliozaliwa siku moja. Walipohesabu, zilikuwa timu 16. Nusu kamili.

Shika hapo, maana ndiyo kiini cha mambo yote yanayofuata. Tukio linaonekana gumu kutokea kwa sababu tunahesabu lililotokea, na hatuhesabu nafasi zote ambazo lingeweza kutokea.

Anayerusha mkuki kutwa nzima

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero aliandika kitabu cha kupima madai ya waaguzi. Hoja yake moja ilikuwa hivi: mtu anayerusha mkuki kutwa nzima, kweli atakosa kupiga shabaha hata mara moja? Mganga anayetabiri mambo mia kwa mwaka atapatia kadhaa. Tunakumbuka yale aliyopatia, na yale mengine yanapita kama upepo.

Karne ishirini baadaye, mwanamke mmoja wa New Jersey, Marekani, alishinda bahati nasibu kubwa mara mbili ndani ya miezi michache, mwaka 1985 na 1986. Magazeti yakaandika kwamba uwezekano wake ni mmoja kati ya trilioni 17. Namba hiyo ni sahihi kama unamwongelea mtu mmoja uliyemchagua kabla, aliyenunua tiketi mbili tu. Wanatakwimu wawili, Samuels na McCabe, wakauliza swali jingine: kati ya mamilioni ya Wamarekani wanaonunua tiketi kila wiki, kuna uwezekano gani kwamba mtu fulani, mahali fulani, atashinda mara mbili ndani ya miaka saba? Jibu: zaidi ya nusu.

Mwaka 1989 Persi Diaconis, profesa ambaye ujanani alikuwa mfanya mazingaombwe, pamoja na mwenzake Frederick Mosteller, waliliweka jambo hili kama kanuni: ukiwa na idadi kubwa vya kutosha ya watu na matukio, jambo lolote la ajabu litatokea.

Tulete kanuni hiyo nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Chukua tukio ambalo uwezekano wa kumpata mtu kwa siku ni mmoja kati ya milioni. Litawapata Watanzania wapatao 61 leo, wengine 61 kesho, na zaidi ya 22,000 kwa mwaka. Mkoa wa Mara peke yake, wenye watu zaidi ya milioni 2.3, utapata "miujiza" miwili kila siku ya Mungu. Na kila mmoja wao atasimulia kisa chake maisha yote, huku wale milioni mbili na ushee ambao siku yao ilipita kawaida wakikaa kimya.

Ghala lililoanguka

Sasa tuingie kwenye lile swali zito, la mkono wa mtu. Aliyeliandikia vizuri zaidi ni E. E. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyeishi kwa vipindi kati ya mwaka 1926 na 1930 na Waazande, ambao nchi yao leo imegawanyika kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kitabu chake kilitoka mwaka 1937, na mfano wake maarufu ni wa ghala.

Ghala la nafaka limesimama juu ya nguzo. Mchwa wanakula nguzo. Mchana wa jua kali watu wanakaa kivulini chini yake wanapiga soga. Siku moja ghala linaanguka na kuwaumiza. Waazande hawakuwa wajinga: walijua mchwa wanakula mbao, na walijua watu hukaa pale kukwepa jua. Walichouliza ni kingine. Kwa nini ghala lianguke saa ile ile, na watu wale wale wakiwa chini yake? Hapo ndipo walipoweka uchawi. Mchwa ameeleza *vipi*. Uchawi unaeleza *kwa nini mimi, kwa nini sasa*.

Ukimsikiliza mtu msibani kwetu leo, hata mwenye digrii, utasikia swali lile lile. "Sawa, gari lilipasuka tairi. Lakini mbona siku hiyo? Mbona yeye ndiye aliyekaa kiti cha mbele?" Ni swali la mtu mwenye uchungu, na usimcheke. Ila lina mtego. Visababu viwili vilivyokuwa vinaenda kila kimoja na njia yake vikikutana, sisi tunataka kuwe na kisababu cha tatu kilichovikutanisha. Mara nyingi hakipo. Maghala yaliyoanguka usiku pasipo mtu chini hayakuingia kwenye mjadala, kwa hiyo hayakuhesabiwa.

Mabomu ya London na punje za mahindi

Kuanzia Juni 1944 Ujerumani iliishambulia London kwa mabomu ya kuruka, V-1. Watu waliona kuna mitaa inapigwa tena na tena na mingine haiguswi, wakaamini adui analenga. Vita vilipoisha, R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, aliamua kupima. Alichukua eneo la kusini mwa London lenye kilomita za mraba 144, akaligawa katika miraba 576 iliyo sawa. Mabomu yaliyoangukia humo yalikuwa 537. Akahesabu kila mraba ulipata mangapi, kisha akalinganisha na kanuni ya Poisson, fomula ya karne ya 19 inayoeleza vitu vinavyoanguka ovyo bila mpangilio vinavyopaswa kujitawanya.

Makala yake ya mwaka 1946 ni fupi, na matokeo yake hayasahauliki. Miraba ambayo haikupata bomu hata moja ilikuwa 229. Kanuni ilitabiri karibu 227. Iliyopata moja ilikuwa 211. Kanuni ilitabiri 211. Iliyopata manne ilikuwa 7. Kanuni ilitabiri 7. Mitaa "iliyolengwa" ilikuwepo kweli, lakini ni ile ile ambayo bahati tupu ingeitengeneza.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Chora ardhini miraba 36, sita kwa sita. Chukua punje 36 za mahindi uzimwage bila kulenga, ila zote ziangukie ndani ya mchoro. Akili inasema kila mraba utapata punje moja. Utakachokiona ni hiki: karibu miraba 13 itabaki mitupu, na miwili au mitatu itakuwa na punje tatu au zaidi. Rudia mara kumi. Mahali zinaporundikana patabadilika, lakini mrundikano hautakosekana. Bahati haigawi sawasawa. Anayegawa sawasawa ndiye mwenye mkono.

Sasa fikiria kata ya kubuni yenye miji 200, na katika miaka kadhaa kukatokea misiba 100, isiyohusiana kabisa. Kanuni ile ile ya Clarke inasema miji 121 haitazika mtu. Miji 61 itazika mmoja. Miji 15 itazika wawili. Na miji kama mitatu itazika watatu au zaidi. Hakuna aliyefanya kitu. Lakini jiweke ndani ya mji mmoja kati ya ile mitatu. Umezika watatu. Unainua macho, unamwona bibi jirani, mjane, mji wake haujaguswa hata kidogo. Kwako hiyo ni dalili. Kwa hesabu, yeye ni mmoja wa 121.

Gharama ya kutohesabu

Hapa ndipo sadfa inapoacha kuwa mchezo wa darasani. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani, jirani zetu. Wengi waliolengwa walikuwa vikongwe wenye macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, baada ya miaka hamsini ya kupikia familia ndani ya nyumba isiyo na bomba la moshi. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na ingali katika vitabu vyetu vya sheria. Sheria inaweza kumwadhibu anayetuhumu. Haiwezi kumfundisha kuhesabu.

Chukua radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Satelaiti zimelipima kwa miaka mingi. Hewa yenye unyevu wa ziwa hupanda, hukutana na vilima, mawingu makubwa hujengeka karibu kila alasiri ya msimu wa mvua. Mahali penye radi nyingi hivyo, kupigwa boma moja mara mbili ni jambo la kutegemewa, hasa kama liko juu ya kilima au lina mti mrefu peke yake. Na ng'ombe kumi kuanguka kwa mpigo mmoja? Umeme ukishuka kwenye mti unasambaa ardhini. Miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe iko mbalimbali, kwa hiyo umeme hupanda mguu mmoja, hupita karibu na moyo, hushukia mwingine. Waliojikinga mvua chini ya mti mmoja hufa pamoja. Hakuna radi ya kutumwa inayohitajika hapo.

Ila si kila kitu ni bahati

Nisieleweke vibaya. Ukisema "ni sadfa tu" kwa kila kitu, na wewe umeacha kuhesabu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Vifo vilikuwa vimerundikana kwa vijana waliofanya biashara mpakani na Uganda. Pande zote mbili za mpaka watu walisema ni uchawi: mfanyabiashara aliyedhulumiwa amemtumia mwenzake. Walikuwa sahihi kwamba mrundikano ule haukuwa bahati. Walikosea kuhusu mkono. Kilichowaunganisha marehemu kilikuwa kirusi.

Kwa hiyo utajuaje? Wanatakwimu wana maswali matatu, na hayahitaji kompyuta. La kwanza: nafasi zilikuwa ngapi? Usihesabu mji uliofiwa tu, hesabu kata nzima. La pili: ulichora mraba kabla au baada ya punje kuanguka? Ukisubiri vifo vitokee ndipo utafute vinavyofanana, siku zote utapata kinachofanana, iwe herufi M, iwe siku ya mnada, iwe jirani. La tatu: kuna kitu cha kawaida kinachowaunganisha, kama kisima kimoja, chakula kimoja, mbu wa bonde moja? Kipindupindu na malaria havirushi punje ovyo, na hapo ndipo mtu wa afya anapotakiwa haraka kuliko mganga.

Maswali haya hayaondoi uchungu wa msiba, wala hayamzuii mtu kuamini kwamba Mungu anajua saa yake. Wahenga walisema ajali haina kinga, na walimaanisha kwamba baadhi ya mambo hutokea tu. Kinachotakiwa ni kwamba siku sauti zitakaposhuka matangani na mtu akasema kuna mkono wa mtu, awepo mmoja wa kuuliza, kwa heshima na bila kumfokea mfiwa: "Na ile miji mingine, tumeihesabu?"